Tela Tulivu, Mgongo Salama

Lori refu linapopita Kinama alfajiri, kabla jua halijaivuka milima iliyo mashariki ya Bujumbura, watu wa mtaa hulitambua hali yake kwa sauti. Lililo zima huvuma mfululizo. Lililo bovu hugonga: chuma hukipiga chuma kila dereva anapobadilisha gia, na vikombe vilivyopangwa kabatini hulia pamoja nalo. Wengi hudhani kwamba kelele hiyo ni desturi ya magari makubwa. Sivyo. Ni dalili ya maradhi, na maradhi yenyewe yana tiba.

Kinama ipo kaskazini mwa jiji, katika tambarare ya Imbo, jirani na Kamenge. Humo zimo nyumba ambazo riziki yake hutoka kwenye usukani. Bidhaa nyingi za Burundi hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha husafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bujumbura, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, na mpaka wa Kabanga na Kobero. Hapo dereva huacha kuendesha upande wa kushoto kama Watanzania na kushika upande wa kulia kama Warundi. Baada ya Muyinga huikabili milima, na mwisho huteremka mteremko mkali wa Bugarama mpaka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.

Miongoni mwa madereva wa mtaa huo yupo mmoja wa umri wa makamo, aliyejifunza kazi yake jeshini na kuiendeleza uraiani. Kwa miaka mingi hakupata kulalamika. Lakini ulifika wakati ambapo alirudi nyumbani akishuka garini kwa kushika mlango kwa mikono miwili, na mtoto wake wa mwisho alipomkimbilia ili abebwe, alimpa mkono tu. Mkewe aliliona jambo hilo. Akampasha maji ya chumvi, akamkanda kiuno kwa kitambaa cha moto usiku tatu. Usiku wa nne akamwambia, "Baba watoto, gari hilo litakuvunja."

"Ndiyo kazi, mama," akajibu mume.

Mke hakuridhika na jibu hilo. Akamwuliza swali ambalo hakuna fundi aliyekuwa amemwuliza: je, mgongo humwuma zaidi gari likiwa na mzigo, au likiwa tupu? Dereva alikaa kimya akifikiri. Kisha akatambua kwamba maumivu yalikuwa mawili, wala si moja. Alipokuwa akienda Dar es Salaam na tela tupu, kama ilivyo kwa malori mengi ya njia hiyo kwa kuwa Burundi huagiza shehena nyingi kuliko inayopeleka, alirushwa juu na chini. Alipokuwa akirudi na shehena, alisukumwa mbele na kuvutwa nyuma, kana kwamba mtu anampiga mgongoni kwa kiganja. Maradhi mawili hayatibiwi kwa dawa moja. Na hapo ndipo matengenezo yalipoanzia.

Ili kulielewa jambo hilo, yafaa kwanza kujua namna lori la aina hii linavyoungana. Tela lake halina magurudumu ya mbele. Sehemu yake ya mbele hulala juu ya sahani nene ya chuma iliyofungwa nyuma ya kichwa cha lori. Waingereza na Wamarekani huiita sahani hiyo gurudumu la tano, kwa sababu magari ya farasi ya zamani, mbali na magurudumu yake manne, yalikuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili kuiwezesha kugeuka. Wafaransa huiita tandiko dogo, na kwa hakika tela hukaa juu yake kama mpanda farasi. Mwaka 1914 mhunzi mmoja wa Detroit, August Fruehauf, alitengeneza tela la kubebea mashua nyuma ya gari la Ford. Na kampuni iliyokua kutokana na kazi hiyo ilikuja kuwa mashuhuri kwa matela duniani.

Chini ya tela umechomoza msumari mnene, ambao katika malori mengi una kipenyo cha milimita 50. Msumari huo huingia katika tundu la sahani, na taya za chuma huubana. Mzigo wote wa nyuma huvutwa kwa msumari huo mmoja.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa kwanza. Taya zikilika, hubaki nafasi kati yake na msumari. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, tela husogea mbele na kugonga. Akikanyaga tena, kichwa hutangulia na kugonga upande wa pili. Nafasi yenyewe yaweza kuwa ndogo kuliko unene wa kidole, lakini tani 30 zikisogea nafasi hiyo, pigo lake hupita katika chasisi na kiti mpaka katika uti wa mgongo.

Kuipima nafasi hiyo hakuhitaji chombo cha ghali. Lori husimamishwa mahali palipo sawa, breki za tela hufungwa, kisha dereva hukisogeza kichwa mbele na nyuma polepole sana huku msaidizi akitazama kutoka ubavuni, kamwe asisimame kati ya kichwa na tela. Kichwa kikisogea ilhali tela limetulia, na mlio ukasikika, taya zinahitaji kukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji. Na zikiwa zimelika kupita kiasi, hubadilishwa. Msumari nao hupimwa, maana taya mpya haziwezi kuusaidia msumari uliokonda.

Sahani yenyewe hutaka grisi. Ikikauka, tela hukataa kugeuka pamoja na kichwa, usukani huwa mzito, na katika kona gari huenda kwa kushtuka. Lakini kupaka grisi mpya juu ya ile ya zamani iliyojaa mchanga ni kupaka msasa. Ya zamani hukwanguliwa kwanza, sahani hufutwa ikang'aa, ndipo mpya hupakwa.

Ugonjwa wa pili ni wa breki. Breki za tela hufanya kazi kwa upepo unaosafiri katika mabomba marefu. Zikiwa zimelegea, au matangi ya upepo yakiwa yamejaa maji, kichwa hushika kwanza na tela huendelea kusukuma. Pale barabara inapoteleza, kichwa na tela huweza kukunjana kama kisu cha mfukoni. Kwa hiyo matangi humwagwa maji kila siku, na breki za magurudumu yote hurekebishwa ili zishike kwa pamoja.

Ugonjwa wa tatu ni ule wa tela tupu. Springi iliyotengenezwa kubeba tani nane kwa kila ekseli haikunjiki kwa uzito mdogo wa tela lisilo na shehena; hivyo kila shimo hupanda moja kwa moja mpaka katika sahani, na kutoka katika sahani mpaka katika kiti. Mwili wa binadamu aliyeketi hudhurika hasa kwa mtikisiko wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwani hapo kiwiliwili chenyewe huanza kucheza pamoja na mtikisiko huo.

Tiba ya kwanza ni mwendo. Mtu asiye na mzigo hutamani kukimbia, kumbe huo ndio wakati wa kupunguza. Tiba ya pili ni upepo wa matairi, ambao hupimwa tairi likiwa baridi na kufuata jedwali la mtengenezaji kwa uzito uliopo. Tairi lililojazwa kupita kiasi huruka kama mpira wa watoto. Lililopungua hupata joto na kupasuka. Wala upepo haupunguzwi njiani tairi likiwa la moto, maana likipoa litakuwa limepungukiwa. Tiba ya tatu ni kukagua mipira ya springi na vile vikono vinavyogawa uzito baina ya ekseli moja na nyingine. Vikilika, ekseli moja hubeba kazi ya mbili. Matela yenye mifuko ya upepo badala ya springi ni laini zaidi, lakini nayo huhitaji shokomzoba nzima na kimo kilichowekwa sawa; vinginevyo hupepesuka.

Jambo la nne ni kupanga mzigo. Ukilundikwa nyuma kabisa, sehemu ya mbele ya tela huwa nyepesi, na kichwa hutikiswa juu na chini. Ukisongamana mbele, ekseli za kichwa huelemewa na kila pigo huwa zito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na tani 24 kwa kundi la ekseli tatu. Madereva wengi huiona mizani kama adui anayewangoja barabarani. Kumbe karatasi ya mizani humweleza dereva mzigo wake umelala wapi, habari ambayo jicho haliwezi kumpa.

Dereva wa Kinama alipokwisha kuyatambua hayo, aliwaita mafundi wa Buyenzi, mtaa wenye sifa ya gereji tangu zamani. Taya zilikuwa zimelika vibaya. Mwenye gari alipoambiwa, alisema shehena inangoja na matengenezo yatangoja. Dereva akakataa kuondoka. Mwenye gari akaitoa safari ile kwa mtu mwingine, mwenye lori jingine, na nyumba ya Kinama ikakaa wiki tatu bila posho ya safari. Mke akapunguza nyama, akaongeza maharage na lenga-lenga, wala hakuwaeleza majirani sababu.

Utingo wake, kijana asiye na subira, alimwuliza, "Mzee, kwa nini tusiende hivyo hivyo? Limegonga mwaka mzima na halijafunguka."

Mzee hakumjibu kwa habari za mgongo wake. Alimkumbusha mlima wa Bugarama.

Kila aliyepita Barabara ya Taifa namba 1 anawafahamu vijana wa baiskeli wa mlima huo. Huteremka kutoka Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000, wakiwa wamefunga mikungu ya ndizi au magunia ya makaa nyuma ya viti, na kuingia Bujumbura kwa kasi inayowatisha hata wenye magari. Kupanda hawawezi kwa nguvu za miguu. Hushika nyuma ya malori, watatu, wanne, pengine zaidi, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye usukani wa baiskeli. Kioo cha dereva hakiwaoni. Polisi huwafukuza, nao hurudi katika kona inayofuata, kwa sababu nyumbani kuna watoto wanaongoja kama walivyo watoto wa dereva.

"Tela likishtuka," alisema mzee, "mimi naumia kiuno. Yule aliyeshika nyuma anaachia mkono, na nyuma yake lipo lori jingine."

Kijana hakuuliza tena. Taya zilibadilishwa katika wiki ya pili, baada ya mwenye gari kupiga hesabu na kuona kwamba lori lililosimama halimletei kitu. Hakusema kwamba dereva alikuwa na haki, wala hakumrudishia posho iliyopotea.

Yapo mambo ambayo hakuna fundi awezaye kuyafanya badala ya dereva. Baada ya kuunga tela, asitegemee mlio wa kufuli pekee. Achukue tochi, ainame, aone kwa macho yake kwamba taya zimeufunga msumari na sahani imegusana na tela bila mwanga kupenya kati. Kisha avute mbele taratibu huku breki za tela zimefungwa. Akiondoka, aachie klachi pole na kuongeza mafuta pole. Mlimani achague gia mapema, ili asilazimike kuibadilisha katikati ya kona na kumtupa aliyeng'ang'ania nyuma. Akiteremka, gia ndogo na breki ya injini zimzuie tangu kileleni, kwa maana breki za miguu zilizokanyagwa mfululizo hupata moto na kukataa. Akipewa ishara na askari asimame, apunguze mwendo toka mbali. Naye askari anayefahamu uzito wa chombo hicho humpa dereva nafasi ya kutosha kabla ya kuinua mkono.

Hayo yanawahusu pia madereva wa jeshi na polisi, wanaovuta mitambo, mahema na matangi ya maji. Shehena yao haina risiti ya dukani, lakini migongo yao ni ile ile, na wengi hustaafu wakiwa nayo imechoka.

Nyumbani nako kuna kazi. Kiti cha dereva kikaguliwe. Sponji iliyobonyea ibadilishwe na fundi wa makochi, kwa gharama ndogo. Mto usiwe laini mno, kwa maana humfanya mtu azame na kujikunja. Kila baada ya saa mbili au tatu dereva ashuke, atembee akilizunguka lori, aguse matairi na kujinyoosha. Akifika, asibebe gunia mara tu anaposhuka. Misuli iliyotikiswa siku nzima huchukua muda kutulia. Maumivu yakishuka hadi mguuni, au mguu ukifa ganzi, kitambaa cha moto hakitoshi tena, na siku hiyo ni ya kwenda hospitali.

Nao walio nyumbani waulize kama alivyouliza mwanamke yule wa Kinama. Kumwambia mume "pole na safari" ni adabu njema. Lakini kumwuliza ni wapi panapomwuma, na gari likiwa katika hali gani, humwezesha fundi kujua pa kuanzia kabla hajashika spana.