Thaba Bosiu, ngome isiyojengwa

Ukitoka Maseru, mji mkuu wa Lesotho, ukaelekea mashariki kiasi cha kilomita 24, unapita mashamba ya mahindi, nyumba za mawe na wachungaji waliojitanda mablanketi mazito hata jua likiwaka. Kisha mlima unajitokeza mbele yako. Kwa macho ya mtu aliyezoea Kilimanjaro au Meru ni kilima tu: kimo chake kutoka bondeni ni mita mia moja na ushee, na juu ni bapa kama meza. Lakini katika karne ya 19 majeshi yalifika chini ya mlima huu moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililouteka.

Moshoeshoe, mwasisi wa taifa la Wasotho, alihamia hapa na watu wake mwaka 1824. Kusini mwa Afrika kulikuwa kunawaka moto: vita, njaa na watu kukimbia ovyo, kipindi ambacho Wasotho hukiita Lifaqane. Ngome yake ya kwanza, kule Butha-Buthe upande wa kaskazini, ilizingirwa mpaka chakula kikaisha. Alihitaji mahali ambapo adui angepanda kwa shida na yeye angekaa kwa raha. Akapata. Masimulizi yanasema walifika giza likiingia, na kwamba usiku mlima huu hurefuka ili adui asiufikie.

Tulipanda kwa upenyo wa Khubelu, njia ya udongo mwekundu inayokata genge la mawe ya mchanga. Si safari ya kumtoa mtu roho; mwenye miguu ya kawaida hufika juu kwa muda usiozidi saa moja, tena akiwa amepumzika njiani. Ila changarawe inateleza, na kadiri unavyopanda ndivyo kuta za mawe zinavyokubana kulia na kushoto. Katikati ya mteremko mwongozaji wetu, kijana wa kijiji cha hapo chini, alisimama akatuambia tutazame juu. Ukingo wa genge ulikuwa umeinama juu ya vichwa vyetu, na mawe makubwa yamekaa pale kana kwamba yanasubiri kusukumwa. "Hebu fikiria umebeba bunduki," akasema, "na hayo yanakuja."

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 15 Agosti 1865. Makaburu wa Dola Huru ya Orange walijaribu kupenya hapa hapa wakiongozwa na kamanda Louw Wepener. Aliuawa kwenye upenyo huu, na wenzake wakarudi nyuma. Ukisimama mahali hapo huhitaji kusoma vita ili uelewe: njia ni nyembamba, wa chini hana pa kujificha, na wa juu hana haja ya silaha kubwa.

Juu kabisa mandhari yanabadilika ghafla. Badala ya kilele unakuta uwanda mpana wa nyasi, upepo mkali, na chemchemi ambazo hata mzingiro haukuzizuia. Hapo ndipo siri ya mahali inapofunguka: watu walikuwa na maji, na ng'ombe walikuwa na pa kulishia. Mabaki ya nyumba za mawe yangalipo, pamoja na makaburi ya wafalme. La Moshoeshoe mwenyewe, aliyefariki tarehe 11 Machi 1870, halina makuu. Ni mawe tu. Mfalme Moshoeshoe II naye alizikwa juu ya mlima huu mwaka 1996. Ng'ambo ya bonde limesimama jabali la Qiloane, lenye ncha nyembamba juu ya kitako kipana. Wasotho wengi husema ndilo lililozaa umbo la mokorotlo, kofia yao ya nyasi ambayo tangu 2006 imo kwenye bendera ya taifa.

Hata hivyo, magenge peke yake hayangetosha. Ngome nyingi zenye kuta ndefu kuliko hizi zimeanguka. Kilichoitofautisha Thaba Bosiu ni vile vitu ambavyo mwenyewe alivishusha chini kwa hiari yake. Mwaka 1831 wapiganaji wa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, walirudishwa kwa mawe na mikuki. Walipokuwa wakiondoka, Moshoeshoe akawapelekea ng'ombe wa kula njiani, akisema kwamba bila shaka njaa ndiyo iliyowaleta. Hawakurudi tena kumshambulia. Hata waliomla babu yake Peete wakati wa njaa ya Lifaqane hakuwaua. Wasotho husimulia kwamba alisema matumbo yao sasa ni kaburi la mzee, na kaburi halivunjwi.

Mwaka 1852 ikawa zamu ya Waingereza. Gavana George Cathcart alikuja na jeshi akidai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000. Desemba 20 walipigana kwenye uwanda wa Berea, karibu na hapa, na Waingereza wakaonja uchungu. Usiku ule ule wa manane, kutoka mlimani, Moshoeshoe akamwandikia gavana barua ya kuomba amani, akikiri nguvu za Waingereza ilhali yeye hakuwa ameshindwa. Cathcart akapata njia ya kuondoka bila kuaibika, akaondoka. Wahenga wetu walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Huyu aliyatumia kumrudisha nyoka alikotoka.

Wageni wengi huingia Lesotho wakikimbilia theluji ya milimani au maporomoko ya Maletsunyane yenye mita 192, na Thaba Bosiu wakaiona kwa dirisha la gari. Wanajipunja. Tenga siku nzima. Septemba mipichi huchanua waridi mabondeni. Juni na Julai anga ni safi lakini baridi inauma. Kuanzia Novemba mvua za radi hupenda kuja alasiri, kwa hiyo panda asubuhi. Chukua maji, viatu vya kushika changarawe, na kitu cha kujitanda. Zaidi ya yote, kodi mwongozaji wa hapo hapo wala usione uchungu wa fedha yake. Bila yeye utaona nyasi na mawe, kwa sababu sehemu kubwa ya ngome hii imo midomoni mwa wenyewe.