Sauti Kubwa Si Usikivu

Watu wa redio husema kwamba kituo fulani kina usikivu mzuri, wakikusudia kwamba sauti yake yafika bila mikwaruzo. Mwalimu naye humsifu mwanafunzi kwa usikivu wake, akikusudia kwamba hutega sikio na kuyashika anayoambiwa. Neno ni moja, na maana zake mbili hutegemeana, kwani mwanafunzi awe msikivu namna gani, hatapata kitu ikiwa sauti anayoletewa haina usikivu. Sisi walimu wachache wa Kiswahili hapa Kampala tumelitafakari sana neno hili tangu tulipoanza kukutana na wanafunzi wetu Jumamosi jioni, sebuleni kwa mwenzetu mmoja, kutazama filamu za Kiswahili.

Haja ya mikutano hiyo ni dhahiri. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili katika Katiba ya Uganda mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini wengi wa wanafunzi wetu hawakisikii nyumbani. Wamekizoea kwenye karatasi. Filamu kama Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, huwapa nafasi adimu ya kuwasikia watu wakibishana, wakitaniana na kunong'onezana kwa Kiswahili cha Unguja.

Matata yalitokea katika minong'ono hiyo. Wahusika waliposema polepole, maneno yalizama, na mmoja wetu akaongeza sauti kwa rimoti. Mara muziki ukaingia kwa kishindo, mtoto mchanga wa mwenye nyumba akaamka akilia, na jirani akaja kubisha hodi. Sauti ikapunguzwa, na maneno yakazama tena. Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akitufafanulia misemo ya pwani, akaacha kuja. Alitwambia kwa upole kwamba anasikia kila kitu isipokuwa maneno. Kumkosa yeye kulikuwa hasara kubwa kuliko kuikosa filamu yenyewe.

Maneno ya mzee yalikuwa na ukweli ndani yake. Katika usemi irabu ndizo zenye nguvu, na konsonanti kama s, sh, f na th ni hafifu, tena ni za sauti nyembamba. Umri unapokwenda, sikio huanza kupoteza hizo nyembamba. Nazo ndizo zinazotenga saka na shaka, samani na thamani. Isitoshe, sauti nene za muziki huzifunika kwa wepesi. Kuongeza sauti yote kwa jumla ni kukikuza kifuniko pamoja na kilichofunikwa. Wahenga walisema, mwenye kelele hana neno.

Chombo cha mwenzetu kina spika tano na sabufa moja, mpango ambao mafundi huuandika 5.1, ile moja ya mwisho ni sabufa, ambayo hubeba sauti nene tu. Tumejadiliana jinsi ya kuuita mpango huu kwa lugha yetu. Sauti ya kuzingira yaleta picha ya jeshi lililouzingira mji, na sauti ya kuzunguka yamfanya msomaji adhani ni sauti inayozunguka kama pangaboi. Kwa sasa twasema sauti ya pande zote. Jambo lenyewe si geni: Walt Disney alilijaribu katika majumba ya sinema kwa filamu ya Fantasia mwaka 1940, na mfumo wa kidijitali wa Dolby ulianza na Batman Returns mwaka 1992.

Kila spika ina kazi yake. Ile ya kati, iliyo chini ya televisheni, hubeba karibu mazungumzo yote. Za kushoto na kulia hubeba muziki na mwendo wa vitu. Mbili za ubavuni huleta mvua, umati na ndege wa mbali. Basi maneno yana mlango wao peke yao, na mlango huo waweza kufunguliwa zaidi bila kuigusa milango mingine.

Tulianza kwa kamba. Umbali kati ya spika mbili za mbele tuliufanya sawa na umbali kutoka kila moja hadi kwenye kiti cha katikati, ikapatikana pembetatu ya pande sawa. Ile ya kati tuliielekeza masikioni mwa aketiye. Za ubavuni tuliziweka nyuma kidogo ya masikio, kati ya nyuzi 100 na 120 kutoka mbele. Kisha tukakiingizia chombo umbali wa kila spika. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, yaani kila mita moja huchukua karibu milisekunde tatu, na amplifaya huzichelewesha spika zilizo karibu ili sauti zote zifike pamoja.

Baada ya hapo ukaja usawazishaji. Amplifaya hutoa kelele ya majaribio, mfano wa maji yanayomiminika, katika spika moja baada ya nyingine. Tukiwa kwenye kiti cha katikati tulishika kipima sauti na kurekebisha kila spika hadi iliposoma desibeli 75. Simu ya mkononi nayo yafaa, maana hapa jambo ni kulinganisha spika na spika. Usawa ulipopatikana, tuliipandisha ile ya kati kwa desibeli 3. Ni kiasi kidogo, kwani sikio huhesabu desibeli 10 kuwa kama sauti mara mbili, lakini kilitosha kuyatoa maneno chini ya muziki. Sakafu ya vigae na kuta tupu zilikuwa zikirudisha mwangwi. Mikeka na mapazia mazito vikaupunguza.

Chombo kina pia uwezo wa kusawazisha chenyewe wakati filamu ikiendelea: huinua sauti hafifu na kushusha kubwa. Vyombo vingi huuita hali ya usiku. Hapa tulitofautiana. Wengine walitaka iwashwe daima, kwa ajili ya mtoto na jirani. Wengine walisema kwamba mnong'ono na yowe vikiwa na ukubwa mmoja, nusu ya maana imepotea, na mwanafunzi hatajifunza jinsi Mswahili anavyoishusha sauti akitaka kuumiza. Tuliafikiana kwamba itawashwa mtoto akilala, au mvua ikipiga mabati, kwani hakuna mnong'ono unaoishinda mvua. Nyakati nyingine itazimwa.

Katika vibanda vya video vya mji huu, kazi kama hiyo hufanywa kwa mkono. Mfasiri wa filamu, aitwaye VJ, hushika maikrofoni akaeleza kisa kwa Kiluganda. Anaposema, huishusha sauti ya filamu. Anaponyamaza, huirudisha juu. Hashindani nayo kwa kelele. Anajua kwamba masikio ya wateja wake hayawezi kufuata wasemaji wawili kwa pamoja.

Mzee wetu amerejea, na kiti cha katikati ni chake. Hutuomba tusimamishe filamu ili aeleze msemo, na wanafunzi huandika. Wenzetu wasio na spika tano wasione kwamba haya hayawahusu. Aliye na redio moja darasani aweza kuiinua kutoka sakafuni, kuielekeza kwa wanafunzi, kupunguza sauti nene na kufunga dirisha la upande wa barabara. Na kabla ya kumwandikia mwanafunzi alama ndogo katika zoezi la kusikiliza, yafaa mwalimu aende akaketi kwenye dawati la mwisho, asikilize kutoka hapo yale anayotaka yasikilizwe.