Kabla Uuziwe Giaboksi, Uliza Mshale

Wasee, kuna maneno matatu yanauza vyuma Nairobi kuliko tangazo lolote: "Boss, giaboksi imeisha." Ukiambiwa hivyo na gari yako ni otomatiki, usitoe hata mia kabla ya kujibu swali moja. Mshale wa spidi ulikuwa unafanya nini gari ilipoanza kusumbua?

Giaboksi ya otomatiki haijui barabara, inaambiwa tu. Kompyuta inaangalia umekanyaga mafuta kiasi gani na gari inaenda kasi gani, ndio iamue gia. Habari ya kasi inaletwa na sensa ya spidi (si ile ya kuhesabu watu ya 2019, tulia), kidude kidogo kilichochomekwa kwa giaboksi. Magari mengine hayana hicho, yanatumia sensa za breki za ABS kwa magurudumu. Sasa hiyo habari ikikatika, kompyuta inabaki kubahatisha. Gia zinaingia kwa kishindo, ama inajifungia gia moja, mara nyingi ya tatu, ili isiharibu vyuma. Ukiondoka gari ni nzito kama imebeba mawe. Ukifika barabara kubwa injini inalia na gia haibadiliki. Hapo hata mimi ningesema boksi imekufa.

Anko wangu anaendesha teksi ya mtandaoni, na hiyo gari ndiyo karo ya watoto wawili. Fundi aliizungusha ndani ya yadi, hakushika hata kifaa kimoja, akasema 75,000 kwa boksi ya mtumba kutoka Japani. Anko alikuwa ameshaanza kuongea na watu wa chama kuhusu mkopo. Nikamuuliza lile swali.

"Ulikuwa unaanguka sifuri, halafu unarudi," akasema. "Lakini hiyo si kitu, ni dashibodi tu."

Maze, hicho ndicho kilikuwa kitu chenyewe! Boksi iliyochoka kwa ndani ina tabia zake. Unakanyaga, injini inapanda, gari haisongi. Mafuta yake yanakuwa meusi na yananuka kuungua. Lakini mshale kwa kawaida unaendelea kusoma vizuri. Mafuta ya anko yalikuwa masafi na kiwango kilikuwa sawa, na skana ilipochomekwa ikaleta P0500.

Wengi wakiona hiyo namba wanakimbia kununua sensa. Ngoja kwanza. P0500 inasema kuna shida na habari ya spidi, haisemi nani ameimeza. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya uliosuguliwa mpaka ukakatika, inaweza kuwa plagi imeingia kutu.

Tukaita fundi wa umeme wa magari wa mtaani kwetu. Ya anko ni sensa ya waya tatu: mmoja unaleta umeme, mmoja ni ethi, wa tatu unapeleka habari. Akazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akaweka gia nyutro, akainua gurudumu moja tu la mbele. Moja, kwa sababu ukiinua yote mawili na uzungushe moja, lile lingine linazunguka kinyume na ndani ya boksi hakuna kinachosonga. Swichi ikawashwa, injini ikabaki imezimwa. Umeme ulikuwepo, ethi ilikuwepo. Akageuza gurudumu polepole akiangalia mita kwa waya wa tatu. Namba ilifaa iruke juu na chini. Ilikaa palepale. Akatikisa waya na plagi, bado palepale. Sasa sensa ina kesi ya kujibu.

Kirinyaga Road tuliipata kwa 3,200. Fundi wa umeme alilipwa 1,000, na ilikuwa kazi ya dakika arobaini hivi. Namba ikafutwa kwa skana, tukaenda mpaka Ruiru na kurudi. Nilikuwa nimewasha GPS ya simu kulinganisha na mshale, na gia zote nne ziliingia laini.

Sasa mtasema mafundi ni wezi. Mimi sidhani hivyo, angalau si wote. Mwambie fundi ni 1,000 ya kupima peke yake uone vile watu hukunja uso. "Unanilipisha kuangalia?" Lakini hao hao watalipa 75,000 bila swali kwa sababu wameona chuma kikibebwa. Fundi naye ana njaa, atauza kile unachokubali kununua. (Na kabla mniambie niliacha chuo mwaka wa pili, najua. Mita haikuuliza cheti.)

Ile sensa iliyokufa anko ameiweka kwa droo ya dashibodi. Abiria akiuliza ni nini anaanza kueleza, na safari ya Rongai inaisha kabla hajafika kwa waya wa tatu.