Fizikia na Majini

Kwetu Macaloe, bibi husema bahari ina wenyewe: majini. Shuleni nilisoma kwamba maji ya bamvua husababishwa na mwezi na jua kuyavuta kwa pamoja, na kwamba ulimwengu ulianza kutanuka takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mwaka 1965 Penzias na Wilson walitangaza mionzi iliyobaki tangu utoto wake. Ushahidi huo naukubali. Lakini fizikia hupima kinachopimika. Georges Lemaître, padri aliyependekeza chanzo hicho mwaka 1931, hakutaka nadharia yake igeuzwe hoja ya dini. Mjomba alipozama, somo la bamvua lilinieleza nguvu ya mkondo uliomchukua. Roho yake iko wapi? Hilo namwuliza Mungu, si darubini.