Maji ya Kombi Yetu

Akina mama wenzetu, katika nyumba nyingi gari ni mambo ya baba. Mama huulizwa habari za chumvi, ada ya shule na homa ya mtoto. Gari likichemsha njiani, yeye hukaa kando ya barabara na watoto akingoja liwake. Nasi tuliishi hivyo kwa miaka mingi. Leo tunapenda kuwasimulia jinsi kazi ya kumwaga na kujaza upya maji ya gari ilivyotukutanisha sisi wawili, mume na mke, wakati ambapo nyumba yetu ilihitaji sana jambo la kutukutanisha.

Sisi ni wenyeji wa Tanga, lakini tumeishi kusini mwa Ujerumani tangu 2006. Tuna watoto watatu. Mwaka 2014 tulinunua kombi ya Volkswagen iliyotengenezwa 1987, ya aina yenye vitanda, jiko dogo la gesi na paa linaloinuka. Kwa familia ya watu watano, gari la namna hiyo ndiyo likizo yenyewe, maana hoteli hatuziwezi. Usiku wakubwa wawili hulala juu, mdogo hulala kati yetu chini, na asubuhi chai huchemshwa papo hapo.

Utotoni tuliwasikia wazee wakizisifu kombi kwamba hazina rejeta, kwa sababu injini zake zilipozwa kwa upepo wa feni. Ndiyo maana ndugu zetu wa nyumbani walicheka tulipowaambia kuwa kombi yetu inatumia maji. Kumbe mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1982 kiwanda kilianza kuzitia kombi hizo injini mpya ya petroli inayopozwa kwa maji. Injini ilibaki nyuma kama zamani, lakini rejeta iliwekwa mbele kabisa, nyuma ya wavu wa pua ya gari. Kati yake na injini kuna mabomba mawili marefu yanayopita chini ya sakafu. Mfumo mzima hubeba karibu lita 17, yaani karibu debe zima. Umbali huo kati ya rejeta na injini ndio kiini cha habari yetu.

Mwaka wa kimya

Mwishoni mwa 2017 kiwanda alichofanyia kazi Baba Neema kilipunguza watu, naye akawa mmoja wao. Mama wa nyumba aliendelea na zamu zake katika makao ya wazee, mara usiku, mara alfajiri. Fedha zilipungua, lakini kilichotuumiza zaidi ni kimya. Tulizungumza habari za mkate na viatu vya watoto, basi. Jioni mmoja wetu alitazama ukuta, mwingine alitazama sinki la vyombo.

Machi 2018 tuliona kwamba maji katika tangi la kombi yamegeuka rangi ya kutu, kama chai ya rangi iliyolala. Gereji ilitaja bei ambayo ingemaliza chakula chetu cha wiki tatu. Wazo la kwanza lilikuwa kuuza gari. Lakini watoto walikuwa wameahidiwa bahari. Sisi tuliokulia Tanga tulikuwa na watoto wasiojua maji ya chumvi yakoje mdomoni, na jambo hilo lilitusumbua.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu ufundi wa magari, alikuja kutazama. Alitueleza kwamba vichwa vya injini ile ni vya aluminiamu. Dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ambayo wengi huiita kulanti, haizuii maji kuganda tu, bali pia huzuia kutu. Ikizeeka, kinga hiyo huisha, na maji huanza kuila aluminiamu pale inapokutana na gasketi ya mpira. Siku moja injini huanza kuvuja, na matengenezo yake yanaweza kupita thamani ya gari lenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee akatupa ua wake, jeki yake na maneno haya: "Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja hawezi."

Kumwaga

Tulichagua Jumamosi asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Hili si jambo dogo. Mfumo wa maji ya gari hufanya kazi kama sufuria ya presha: kifuniko hubana mvuke ndani, na kwa hiyo maji huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko injini ikiwa ya moto, presha hutoka ghafla na maji yale hukurukia usoni. Mwenye haraka na asubiri. Na ikitokea mtu ameungua, mpozeni kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila kumpaka samli wala dawa ya meno, kisha mpelekeni kwa daktari.

Tuliinua pua ya gari, tukaliweka juu ya vigingi vya chuma, na magurudumu ya nyuma tukayazuia kwa magogo. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Kisha tukafungua kifuniko cha tangi, tukazungusha swichi za hita zote mbili, ya mbele na ile iliyo chini ya kiti cha nyuma, hadi mwisho wa joto ili maji ya humo nayo yatoke. Ndipo tukachomoa mipira ya chini.

Yale maji ya kutu tuliyakinga yote kwenye beseni na kuyatia katika madumu yenye vifuniko. Hapa mama asikilize vizuri. Dawa nyingi za rejeta zina sumu iitwayo ethileni glikoli. Ina ladha tamu, na ndiyo maana watoto, mbwa na paka huinywa bila kusita. Huharibu figo na inaweza kuua. Mtoto wetu mdogo alikuwa na miaka minne, kwa hiyo siku ile alikaa ndani na dada yake, na hakuna beseni lililoachwa wazi hata kwa dakika moja. Mtoto akiinywa, msingoje kuona kama atatapika. Mkimbizeni hospitali na mchukue chupa yenyewe. Nayo isimwagwe shambani wala mtaroni. Sisi tulipeleka madumu kwenye kituo cha mji kinachopokea taka za sumu.

Hesabu ya mama

Baba Neema alikuwa amenunua chupa za dawa, akitaka kuchanganya nusu kwa nusu na maji, kisha amimine mpaka mfumo ujae. Lakini mama aliyekuwa amepima maji yaliyotoka akaona jambo. Tulitoa lita 13 tu. Katika mfumo wa lita 17, lita nne zilikuwa zimebaki kwenye mabomba na hita. Tuliposukutua kwa maji safi mara tatu, na mara ya mwisho kwa maji kama yale ya kuongeza kwenye betri, lita nne hizo zikawa maji matupu.

Tukaandika kwenye karatasi. Tukimimina lita 13 za mchanganyiko wa nusu kwa nusu, dawa itakuwa lita sita na nusu tu, yaani asilimia 38 ya yote. Ili tupate nusu kamili, dawa lazima iwe lita nane na nusu. Kwa hiyo dawa yote iingie kwanza, ndipo maji lita nne na nusu yafuate. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hulinda hadi karibu nyuzi 35 chini ya sifuri. Kila mama aliyewahi kukoroga uji wa mtoto anaijua hesabu hii: maji yaliyomo chunguni tayari nayo huhesabiwa. Mzee jirani alitazama karatasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kutoa hewa

Sasa tukafika mahali pagumu. Katika kombi hii adui mkubwa ni hewa. Rejeta iko mbele, injini nyuma, na katikati ni mabomba marefu. Hewa ikinaswa ndani, pampu huzunguka lakini maji hayaendi. Hita hupuliza baridi. Hata mshale wa joto unaweza kudanganya, kwa sababu kipimo kikiwa ndani ya hewa hakisomi vizuri. Mwenye gari hudhani yu salama, kumbe injini inaungua.

Dawa ya jambo hili ni kuinua pua kiasi cha sentimita 40 ili hewa ikimbilie mbele, kisha kufungua skrubu ndogo iliyo juu ya rejeta. Injini huwashwa, mmoja humimina maji na kuikoleza injini kidogo huku nyuma, na mwingine hukaa mbele akitazama skrubu. Kwanza hutoka upepo, halafu mapovu yanayotema, halafu maji yanayotiririka bila kukatika. Hapo ndipo skrubu hufungwa. Aliye nyuma hawezi kuona mapovu, na aliye mbele hawezi kuona tangi. Ni lazima waambiane.

Basi tukaanza kuambiana. "Bado mapovu!" "Tangi limeshuka, naongeza!" "Ngoja kwanza, Baba Neema!" Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi sauti zetu kuvuka umbali ule. Maji yalipotiririka sawasawa tulifunga, tukazima, tukakaa kwenye kizingiti cha mlango wa pembeni tukingoja injini ipoe ili tukague tena.

Hapo Baba Neema akasema, akiwa anajifuta mikono, "Mama Neema, mimi naogopa kurudi kwenye foleni ya kuomba kazi. Kila wakinikataa naona aibu kuingia nyumbani."

"Nami naogopa, Baba Neema," mama akajibu. "Lakini hukuniambia. Nilidhani umenichoka."

Tulikaa pale karibu saa mbili. Tuliyosema mengine ni yetu. Tuliporudi kukagua, tangi lilikuwa limeshuka kidogo, maana bado kulikuwa na hewa. Tukarudia kazi yote toka mwanzo, na safari hii hatukuwa na haraka.

Agosti mwaka huo tulivuka milima kwa njia ya Brenner, mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, kati ya Austria na Italia. Mshale ulikaa katikati mpandio wote. Siku ya pili tukafika pwani ya Adriatiki, na mtoto wetu mdogo akaonja maji, akakunja uso, akauliza ni nani aliyetia chumvi nyingi hivyo. Oktoba Baba Neema alipata kazi nyingine, yenye mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza.

Nanyi mlio nyumbani

Huenda mkasema kwamba huko kwenu hakuna barafu. Ni kweli, lakini kutu ipo. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi humimina kwenye rejeta kwa sababu hayana gharama, huacha magadi ndani ya mabomba na kula chuma polepole. Tumieni dawa inayotajwa katika kitabu cha gari lenu, na maji yasiyo na chumvi. Msichanganye aina mbili za dawa bila kujua. Kombi yetu tunaibadilishia kila baada ya miaka miwili. Mkiona hita inapuliza baridi wakati injini ni ya moto, vioo vinafunikwa na ukungu wenye harufu tamu, au tangi linapungua kila wiki, simamisheni gari na kumwita fundi kabla hamjasafiri na watoto.

Na siku baba atakapofungua boneti, akina mama, msikae mbali. Chukueni tochi, shikeni karatasi ya hesabu, simameni upande ambao yeye haoni. Mwambieni mnachokiona, naye awaambie anachokiona yeye.