Gesti iliyotupokea Kariakoo

Nilipompeleka mwanangu wa miaka miwili kliniki ya moyo Muhimbili, ndugu walinionya: "Gesti si mahali pa kulaza mtoto." Lakini hela yangu ilitosha hapo tu. Chumbani mlikuwa na kitanda, feni na chandarua, basi.

Usiku wa kwanza alilia mpaka saa nane. Nikasikia hodi. Nikajua tunafukuzwa. Kumbe ni mama wa mapokezi, ameshika chupa ya uji. "Mpe kidogo, mama. Hata wangu alilazwa pale."

Asubuhi alitusindikiza hadi kwenye daladala, akakataa hela ya uji. Tulikaa siku tisa.

Mzazi mwenzangu, ukisafiri na mgonjwa, usiulize bei tu. Msikilize anayekupokea anavyomsemesha mtoto.