Petroli haisubiri kiberiti

Najua nimewatelekeza, lakini si mnajua tena BTP ilivyo: maandalio ya somo usiku, chaki asubuhi, na bumu limeisha kitambo. Niko shule moja ya kata upande wa Igombe, nafundisha kemia kidato cha pili, na madirisha yanatazama ziwa.

Juzi kijana mmoja, baba yake mvuvi wa dagaa, kaniuliza: "Mwalimu, petroli ikimwagika kwenye jiwe ukigeuka tu imekauka, mafuta ya taa yanashinda pale pale. Yote si mafuta?" Kauliza kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza darasa zima lilikuwa kimya. (Hilo la lugha nitaliandika siku nyingine, nina hasira nalo.)

Jamani, swali tamu. Kimiminika ni chembe zinazohangaika huku zimeshikana. Zile zenye mbio pale juu zinachomoka na kupaa, hata kama kitu hakijachemka. Petroli ni minyororo mifupi, kaboni kama 4 hadi 12. Mafuta ya taa yana mirefu, kama 10 hadi 16, na mnyororo mrefu una sehemu nyingi za kumng'ang'ania jirani. Mafuta ya kula ndiyo usiseme.

Ukidhani ni uzito tu, maji yanakukatalia. Molekuli ya maji ina uzito wa 18; heksani, mojawapo ya vilivyomo kwenye petroli, 86. Lakini heksani inachemka kwenye nyuzi 69 na maji 100 (huku kwetu, mita 1,134 juu ya bahari, ni kama 96). Maji ni madogo ila yameshikana kweli kweli kwa vifungo vya haidrojeni. Spiriti inavyo pia ila ushikaji wake ni hafifu zaidi, ndiyo maana nesi akikupaka kabla ya sindano unasikia baridi: inapaa haraka na kuondoka na joto la ngozi yako.

Kipindi kimeisha, kijana kabaki. Kumbe kwao wanauza petroli ya mitumbwi na bodaboda. Madumu yako chini ya kitanda cha watoto, koroboi mezani. Mwili ulinisisimka. Petroli inatoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa mpaka yafike kama 38. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, unatambaa sakafuni kimya kimya kuifuata koroboi. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, wakafa zaidi ya 100.

Jumamosi nikaenda. Shikamoo baba, marahaba mwalimu, karibu kiti. Mzee akasema miaka yote yanakaa hapo na hayajawahi kuwaka, na nje yataibiwa. Sikubishana. Niliomba vifuniko viwili vya chupa, kimoja petroli, kingine mafuta ya taa, tukaviweka juani mbali na jiko, tukaendelea na stori za bei ya dagaa. Cha petroli kikakauka tunakiangalia. Mzee akakigeuza geuza. Aliyesema ni mama: "Kumbe ndiyo maana watoto wanaamka vichwa vinawauma."

Jioni hiyo madumu yalihamia banda la nyavu, peke yake, lina matundu ya hewa na kufuli. Mzee bado ananung'unikia bei ya kufuli.

Jumatatu kijana kaja na lingine: kama spiriti inachemka kwenye nyuzi 78 na maji 100, ina maana ndiyo gongo inavyopikwa? Akili hiyo! Nimemwambia tutalijibu Ijumaa, mkaguzi wangu akishaondoka.